Linki za kuingia kwa tovuti ya kampuni ya utalii: njia sita, na ipi ikufae wewe

Fungua tovuti ya kampuni ndogo ya utalii Arusha, Moshi au Unguja, na haitachukua muda kabla hujapata barua pepe ya mtu usiyemjua akiahidi "linki 500" na ukurasa wa kwanza wa Google. Fundi aliyekutengenezea tovuti naye anashauri uandike makala. Mtu wa masoko anataka mwandishi wa Ujerumani apelekwe Serengeti bure. Jirani wa ofisi anasema yeye alijiandikisha kwenye saraka mbili tatu akaishia hapo. Wote wanazungumzia kitu kimoja, yaani kuzifanya tovuti nyingine ziweke linki inayoelekea kwako, ila njia zao hazifanani kwa bei, kwa muda wala kwa hatari.

Nimechagua utalii kwa sababu mteja wake yuko mbali na humtafuta mwenyeji kwenye Google kabla hata hajanunua tiketi ya ndege. Mwenye duka la vipuri Kariakoo atakuta mengine humu yanamhusu na mengine hayamhusu hata kidogo.

## Kwa nini linki, na kwa kiasi gani

Larry Page na Sergey Brin walipokuwa wanafunzi Stanford miaka ya 1990, walichukulia kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingi, hasa zile ambazo nazo zinatajwa sana, una uzito kuliko usiotajwa na yeyote. Hesabu hiyo, PageRank, ndiyo msingi wa Google iliyoanzishwa mwaka 1998. Ni sawa na kutafuta fundi mtaani: jina unalopewa na watu unaowaamini hulifuata haraka kuliko namba ya simu iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme.

Tangu hapo Google imeongeza mambo mengi ya kutazama, na wafanyakazi wake wamesema hadharani kwamba linki hazina tena uzito ule wa zamani. Kama ukurasa wako wa "Lemosho siku 8", yaani kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, hauna bei, hauna ratiba ya kila siku na umenakiliwa kwa kampuni nyingine, linki hazitauokoa. Humsaidia yule ambaye ukurasa wake unastahili kuonekana, ila hakuna anayemjua.

Kabla ya kutafuta mpya, okoa za zamani. Kampuni nyingi zimebadilisha fundi zaidi ya mara moja. Kila fundi huja na mpangilio wake, anwani za zamani zinafutwa, na linki zilizokuwa zikielekea huko zinaishia kwenye ukurasa wa 404, yaani ule unaosema "haupatikani". Fungua Google Search Console, zana ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoiona, uangalie ripoti ya linki na ripoti ya kurasa zisizopatikana, kisha mwambie fundi aielekeze kila anwani ya zamani kwenye mpya yake kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu. Ukihama kutoka .com kwenda .co.tz, usiiache ile .com ife. Halafu tafuta jina la kampuni yako ndani ya alama za kunukuu. Utawaona watu waliokutaja bila kuweka linki, na hao ni wa kuandikiwa mistari mitatu ya adabu, basi.

## Vigezo vitano

Gharama ni pesa pamoja na saa za kazi. Watu huhesabu pesa wakasahau saa.

Uzito ni kama Google inaihesabu linki hiyo. Je, tovuti inayokutaja inahusu safari, milima, bahari au Afrika Mashariki? Ina wasomaji wa kweli? Linki imebandikwa lebo ya nofollow, inayoiambia Google isiihesabu? Lebo hiyo ilianza 2005, na mwaka 2019 Google ikaongeza mbili: sponsored kwa linki zilizolipiwa, na ugc kwa zile zinazowekwa na watumiaji wa tovuti. Google huzichukulia kama dokezo, si amri. Linki za Facebook, Instagram na Wikipedia ziko kundi la nofollow. Zinaweza kukuletea wageni, lakini usizitegemee zikupandishe.

Kasi ni muda hadi uone mabadiliko. Kwa kazi yote ya kupandisha tovuti, Google imekuwa ikiwaambia wenye biashara watarajie miezi minne hadi mwaka mmoja. Anayeahidi wiki nne anauza kitu kingine.

Hatari ni uwezekano wa kupoteza pesa, au kupoteza nafasi uliyokuwa nayo.

Wateja ni swali hili: mtu wa kweli anaweza kuibonyeza linki hii akaja kuuliza bei? Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote, kwa sababu linki inayoleta wateja ina faida hata Google ikibadilisha mahesabu kesho.

Alama za DA na DR, zinazokadiria nguvu ya tovuti, sijaziweka. Ya kwanza ni ya kampuni ya Moz, ya pili ni ya Ahrefs, na hakuna iliyo ya Google, ambayo iliizima alama yake ya hadharani ya PageRank mwaka 2016. Zinafaa kwa kutupia jicho la haraka. Lakini madalali wa linki huuza kwa alama hizo, na wanajua kuzipandisha.

## 1. Saraka na orodha za vyama

Kuna orodha za aina mbili na watu huzichanganya. Za kwanza zina mlango, kama vyama vya waendesha safari: TATO ya Arusha iliyoanza 1983, KATO ya Nairobi iliyoanza 1978, ZATO ya Zanzibar; au chemba ya biashara ya mkoa wako. Huingii bila ada wala bila kutimiza masharti, na jina lako likiwemo linasema kitu hata kwa mtu asiyejali Google: wakala wa Uholanzi anaweza kuliangalia kabla ya kukutumia malipo ya kwanza. Za pili ni saraka za bure ambazo yeyote anajiandikisha na hakuna msomaji anayezifungua. Zamani saraka zilikuwa na heshima; ya Yahoo ilifungwa 2014, DMOZ ikafuata 2017, na zama zake zikaisha.

Gharama: ada ya uanachama, ambayo huenda unailipa tayari; kwa saraka za bure, mchana mmoja wa kujaza fomu.

Uzito: wa wastani kwa vyama, karibu na sifuri kwa saraka za jumla. Lakini jina, anwani na simu vikiandikwa namna ileile kila mahali, Google hupata uhakika kwamba biashara ipo kweli. Kwa matokeo ya Ramani, Google inataja mambo matatu: kufanana na kinachotafutwa, umbali, na umaarufu wa biashara; na umaarufu huo unapimwa pia kwa linki na kwa maoni ya wateja.

Kasi: wiki chache.

Hatari: ndogo, mradi hununui kifurushi cha "saraka 300". Linki za saraka za hovyo zimetajwa waziwazi katika sera za Google dhidi ya linki za hila.

Wateja: orodha za safari zenye maoni ya wageni, kama SafariBookings, huleta maombi ya bei. Saraka za jumla hazileti mtu.

Inamfaa kampuni mpya isiyo na linki hata moja, na ile ya zamani ambayo anwani yake ya Sakina bado imeandikwa mahali ilhali ofisi ilishahamia Njiro.

## 2. Washirika ulio nao tayari

Kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayodharauliwa kupita kiasi. Kampuni ya utalii haifanyi kazi peke yake. Kuna lodge ya Karatu mnayolaza wageni, kampuni ya ndege ndogo, wakala wa Munich anayeleta kikundi kila msimu, shule ya kijijini ambayo wageni wenu waliichangia madawati, mpiga picha anayekodi gari lenu. Wengi wana tovuti, na baadhi wana ukurasa wa "washirika wetu" au "jinsi ya kufika". Uhusiano upo, pesa zimeshapita mikononi, ni linki tu ambayo hakuna aliyekumbuka kuiomba.

Kwa wanaopandisha watu Kilimanjaro kuna mfano ulio wazi kuliko yote. KPAP, shirika la Moshi linalotetea wapagazi, huorodhesha kwenye tovuti yake kampuni washirika ambazo mwenendo wao mlimani unafuatiliwa: mpagazi analipwa kiasi gani, anakula mara ngapi, analala kwenye hema la namna gani, mzigo wake umezidi kilo 20 au la. Hapo huingii kwa barua pepe nzuri. Unaingia kwa kuwatendea watu vizuri na kukubali kukaguliwa, na ndiyo maana mgeni anayeogopa kuchangia unyonyaji huanza kuchagua kampuni kutoka kwenye orodha hiyo.

Gharama: simu, WhatsApp, na kuandaa sentensi mbili na nembo ili mwenzako asipate kazi ya kuandika. Kwa KPAP, gharama halisi ni mishahara na chakula cha wapagazi, na hiyo si bajeti ya matangazo.

Uzito: mkubwa. Tovuti hizi ziko kwenye fani yako, na ya wakala wa Munich iko katika lugha ambayo mteja wako anaitumia kutafuta.

Kasi: mwezi au miwili, kwa sababu wanakujua.

Hatari: Google inakataza kubadilishana linki kupita kiasi. Lodge ikikutaja nawe ukaitaja kwa sababu mnafanya kazi pamoja, hakuna tatizo. Ukurasa wenye linki 80 za kampuni za rangi, mikopo na vipodozi ni jambo jingine. Kuna na ugumu wa kibiashara ambao washauri wa mtandaoni hawautaji: wakala wa ng'ambo mara nyingi hataki wageni wake wajue mwenyeji ni nani, wasije mwakani wakampita wakaja moja kwa moja. Akisita, muache. Biashara yake kwako ina thamani kuliko linki yake.

Wateja: wachache, lakini wanaokuja wamekwisha kuaminishwa.

Inamfaa kampuni yenye miaka kadhaa kazini na muda mfupi wa kukaa kwenye kompyuta. Haimfai aliyeanza jana.

## 3. Makala ya mgeni

Unaandika makala, tovuti ya mtu mwingine inaichapisha, na jina lako linabeba linki. Januari 2014 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza timu ya Google ya kupambana na hila, aliandika kwamba njia hii imeharibiwa kiasi kwamba watu waachane nayo kama mbinu ya kutafuta linki. Ukweli wa sasa una pande mbili. Makala ya "Sababu 7 za kutembelea Tanzania" kwenye tovuti ambayo ukurasa unaofuata ni wa kamari na unaofuata ni wa mikopo haina thamani. Lakini kiongozi aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame miaka mingi akiwaeleza wanachama wa klabu ya wapanda milima ya Uswisi namna anavyomtambua mgeni anayeficha dalili za ugonjwa wa mwinuko, hiyo ni makala ambayo mhariri anaitaka na msomaji anaisoma hadi mwisho.

Gharama: saa nyingi. Lazima iandikwe kwa Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa safi. Ukimlipa mwandishi, mkalishe na kiongozi wako amhoji. Asipofanya hivyo atakuletea kile ambacho kila mtu anacho.

Uzito: unategemea tovuti tu. Itafute kwenye Google kwa jina lake uone kama inatokea. Soma makala zake za karibuni. Angalia kama waandishi wana majina. Ukikuta orodha ya bei za kuchapisha, umefika dukani. Jihadhari na domeini (majina ya tovuti) zilizokuwa za mashirika au shule, zikaachwa kulipiwa, zikanunuliwa na kujazwa makala: Machi 2024 Google iliutaja mchezo huo kuwa kosa katika sera zake.

Kasi: miezi, kwa sababu wahariri wazuri hujibu polepole.

Hatari: ya kati. Inapanda ukirudia makala ileile kwenye tovuti nyingi, ukizalisha makala kwa wingi kwa mashine bila kitu kipya ndani yake, au ukilazimisha maneno ya linki. Watu wanaokutaja kwa hiari hutumia jina la kampuni, anwani ya tovuti, au "kampuni moja ya Moshi". Linki zako zote zikisema "kampuni bora ya kupanda Kilimanjaro", hata mtoto ataona zimepangwa.

Wateja: ikiwa tovuti ni sahihi, wazuri.

Inamfaa kampuni yenye mtu mmoja anayeujua mlima, ndege au bahari kwa undani na anayeweza kuzungumza hata kama hawezi kuandika.

## 4. Vyombo vya habari

Oktoba 2020 moto uliwaka Kilimanjaro. Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo mlimani humo, kwenye mita 3,720. Oktoba 2024 Zanzibar ilianza kuwadai wageni bima ya lazima ya dola 44. Habari za namna hii hutoka hadi magazeti ya Ulaya, na mwandishi aliyeko London anahitaji mtu aliyeko hapa atakayesema kitu kinachoeleweka kabla ya saa kumi jioni. Anayemjibu ndani ya nusu saa, kwa jina na cheo, ndiye anayenukuliwa.

Gharama: pesa karibu hakuna. Kinachogharimu ni kuwa tayari: ukurasa wa "kuhusu sisi" wenye jina la mtu na namba inayopokelewa, picha zenu wenyewe zinazoruhusiwa kutumika, na mtu aliyepewa ruhusa ya kuzungumza bila kumsubiri bosi arudi kutoka Tarangire.

Uzito: mkubwa kuliko njia nyingine zote inapotokea, na haitokei kila mara. Gazeti linaweza kukutaja bila linki au kwa nofollow. Mwananchi na The Citizen, au Taifa Leo na Nation kwa walio Kenya, hufikika kwa urahisi zaidi kuliko magazeti ya nje. Mwandishi akikutaja bila linki, muulize mara moja tu, kwa adabu.

Kasi: haitabiriki kabisa. Unaweza kukaa mwaka mzima bila kitu, kisha vikaja vitatu kwa wiki moja.

Hatari: kwa Google hakuna. Kwa jina lako ipo: kauli ya haraka kuhusu ajali au kuhusu hifadhi inaweza kukugombanisha na mamlaka unazozitegemea kwa vibali.

Wateja: wengi wanaotazama na kuondoka.

Inamfaa kampuni yenye msemaji, na yenye jambo la kusema ambalo si tangazo.

## 5. Ukurasa ambao watu wanauhitaji

Hapa hauombi linki. Unatengeneza ukurasa ambao mtu anayeandika kuhusu Tanzania atautafuta mwenyewe ili asihangaike kueleza. Mfano: kalenda ya nyumbu inayoonyesha mwezi kwa mwezi walipo, kuanzia kuzaa Ndutu kati ya Januari na Machi hadi kuvuka Mto Mara kuanzia Julai. Au ulinganisho wa njia za Kilimanjaro pamoja na mvua, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba na Desemba. Au mchanganuo wa ada za hifadhi na VAT ya asilimia 18, ambao wageni hudhani kampuni inawaibia kwa sababu hakuna anayewafafanulia. Au namna ya kula mchana Unguja wakati wa Ramadhani. Ile bima ya dola 44 ilikuwa nafasi ya wazi: kanuni mpya, maswali mengi, na maelezo machache yenye mpangilio.

Hapa kampuni za hapa nyumbani zina ubora ambao wakala wa ng'ambo hana, kwa sababu zinajua. Dereva aliyetoka Ndutu jana ana habari ambayo hakuna mwandishi wa Berlin anayo. Tatizo ni kwamba habari hiyo inabaki kwenye redio ya gari na kundi la WhatsApp la madereva.

Gharama: kubwa mwanzoni, na haiishi. Ada zikibadilika Julai na ukurasa wako ukabaki na za mwaka jana, umempotosha mgeni na aliyekutaja ataitoa linki.

Uzito: mkubwa, na unaongezeka kila mwaka kwa sababu linki zinaingia zenyewe.

Kasi: ndogo kuliko zote. Na kuna fumbo ndani yake: ukurasa ambao hakuna anayeujua haupati linki, kwa hiyo mwanzoni utahitaji kuutuma kwa watu kumi au ishirini wanaoandika kuhusu jambo hilo. Kuutuma ukurasa wenye manufaa si sawa na kuomba linki ya ukurasa wa bei.

Hatari: kwa Google hakuna. Hatari ni kunakiliwa na washindani, jambo ambalo litatokea.

Wateja: wengi, lakini wako mbali na kununua. Anayesoma kuhusu nyumbu leo anaweza kuja miezi kumi baadaye.

Inamfaa kampuni yenye mtu wa ofisini anayependa mpangilio na atakayekuwepo mwakani kuusahihisha.

## 6. Kulipia

Tuseme haki: si kila malipo ni haramu. Gazeti la safari likikuuzia makala ya tangazo, likaandika kwamba ni tangazo na kuweka lebo ya sponsored, Google haina ugomvi nalo. Umenunua wasomaji, hukununua cheo, na kama wasomaji hao ni Wajerumani wenye miaka hamsini na akiba, inaweza kuwa pesa iliyotumika vizuri. Kinachokatazwa ni kulipia linki isiyo na lebo ili ikupandishe.

Na malipo si fedha tu. Sera inataja pia bidhaa na huduma. Safari ya bure ya siku tano kwa mwandishi wa blogu, kwa makubaliano kwamba ataweka linki, ni linki iliyolipiwa hata kama hakuna shilingi iliyobadilisha mkono. Kampuni nyingi za Arusha hufanya hivi bila kujua. Suluhisho ni jepesi: mpeleke, mwambie aandike atakavyo, na aweke lebo. Picha zake na hadithi yake zitakuletea watu bila kujali Google inasemaje.

Gharama: kubwa kwa tovuti za kweli, ndogo kwa tovuti hewa. Bei ndogo ndiyo inayokuambia unauziwa nini.

Uzito: yenye lebo, mdogo. Isiyo na lebo, mara nyingi hakuna. Sasisho la Google liitwalo Penguin, la tarehe 24 Aprili 2012, liliziadhibu tovuti zenye linki za namna hii. Tangu Septemba 2016 hesabu hiyo imekuwa sehemu ya mfumo mkuu, na kwa kawaida Google huzipuuza tu. Huoni adhabu, huoni faida, pesa imekwenda.

Kasi: haraka kuliko zote kupata linki. Kupanda ni habari nyingine.

Hatari: kubwa kuliko njia zote hizi. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba JCPenney, maduka makubwa ya Marekani, yalikuwa yakiongoza kwenye Google kwa msaada wa maelfu ya linki zilizopandikizwa. Kampuni ilisema haikuziidhinisha na ikaachana na waliokuwa wakiishughulikia, lakini nafasi zake zilishaporomoka. Februari 2013 Interflora ya Uingereza, wauza maua, ilitoweka kwenye matokeo hata kwa mtu aliyeandika jina lake, wiki chache kabla ya Siku ya Akina Mama ya huko, baada ya kutapakaza makala za matangazo kwenye magazeti ya mikoani. Ilirudi baada ya siku 11 za kuondoa linki. Wao walikuwa na watu wa kuifanya kazi hiyo usiku na mchana.

Kesi ya JCPenney ina jambo moja la kuzingatia kwa mwenye kampuni ndogo: aliyefanya ni mkandarasi, aliyeadhibiwa ni mwenye tovuti. Ukimwajiri mtu wa kukutafutia linki, atoe orodha ya kila tovuti, kila mwezi, na uzifungue mwenyewe.

Wateja: kwa tangazo halali, ndiyo. Kwa tovuti hewa, hakuna anayezisoma.

Inamfaa mwenye bajeti ya matangazo anayejua ananunua wasomaji.

## Uchague vipi kwa hali yako

Una kampuni mpya, leseni imetoka juzi, pesa hakuna. Wasifu wa Google wa biashara kwanza, kisha chama, kisha orodha za safari zenye maoni. Omba maoni kwa kila mgeni kabla hajapanda ndege KIA. Makala na kurasa kubwa ziache hadi msimu wa kwanza upite.

Mna miaka kumi kazini na tovuti haionekani. Search Console na zile 301 kwanza, halafu washirika. Kaa na mhasibu mpitie ankara za miaka miwili: kila jina pale ni tovuti ya kuulizwa. Ikiwa mnapandisha mlima na mnawalipa wapagazi inavyostahili, fuatilieni ushirika wa KPAP.

Wageni wako ni wa taifa moja. Tuseme Wajerumani, au Wafaransa. Linki chache za tovuti za lugha hiyo zinafaa kuliko nyingi za Kiingereza. Makala ya mgeni na washirika, kwa lugha yao, na ukurasa wako wa lugha hiyo uwe umeandikwa na mtu, si kutafsiriwa na mashine kwa kubonyeza.

Msimu umekaribia na gari zimekaa. Hakuna njia kati ya hizi sita itakayokujazia Julai ukianza Mei, isipokuwa tangazo lililolipiwa waziwazi au simu kwa mawakala. Linki ni kazi ya masika kwa ajili ya mwaka unaofuata.

Wateja wako ni Watanzania. Safari za Mikumi za wikendi, wanafunzi, vikundi vya kanisa, wafanyakazi wa benki. Wengi watakupata Instagram na kwa kuelekezana, na linki zina nafasi ndogo. Ila ukurasa wa Kiswahili wenye bei za raia, usafiri kutoka Dar na muda wa geti una ushindani mdogo, na shule au parokia uliyoihudumia ikikutaja kwenye tovuti yake, hiyo inatosha kuanzia.

Umeshanunua linki huko nyuma. Angalia kwenye Search Console kama kuna taarifa ya hatua iliyochukuliwa na mtu wa Google. Kama haipo, acha kununua na uendelee na mengine. Zana ya kukana linki, yaani kuiomba Google isizihesabu, iliyotolewa Oktoba 2012, Google yenyewe inasema tovuti nyingi haziihitaji, kwa hiyo usimlipe mtu wa "kusafisha". Kama taarifa ipo, toa unazoweza kutoa, kana zilizobaki, eleza ulichofanya, kisha uombe ukaguzi upya.